Afande, Sirkal na Osuru: Mageuzi ya Sayyid Barghash na Lugha ya Utawala Kandokando ya Ziwa

Utangulizi

Mkaazi wa Kisumu akikutana na polisi barabarani humwita 'afande'. Akizungumza Dholuo, serikali huiita 'sirkal', karani wa ofisini humwita 'karan', na kodi anayotozwa huiita 'osuru'. Maneno haya husikika kila siku Kondele, Kibuye na Dunga, na ni nadra mtu kuuliza yalikotoka. Baadhi yetu wanafunzi wa Kiswahili hujibu upesi kwamba yaliletwa na Mwingereza pamoja na reli iliyofika hapa mwezi wa Desemba 1901, mji ulipokuwa ukiitwa Port Florence. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Reli iliyasafirisha maneno hayo lakini haikuyaunda. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya msamiati wetu wa utawala ni masalio ya dola mbili za Kiislamu, Unguja na Misri, ambazo katika karne ya 19 zilijaribu kujigeuza ili zisimezwe na Ulaya. Zote mbili zilimezwa, na aliyezimeza akayachukua maneno yao akayatumia kututawalia.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Katika mijadala ya chama hiki hoja mbili hurudi kila mwaka. Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa Pwani na sisi wa ziwani ni wageni waalikwa tu. Wapo pia wanaosema, kwa uchungu unaoeleweka, kwamba katika Nyanza Kiswahili kiliingia kikiwa lugha ya amri, yaani lugha ya askari, mahakama na mtoza kodi. Hoja ya pili ina msingi kuliko ya kwanza, na ndiyo inayohitaji kuchimbuliwa.

Mzizi wa neno

Tuanze mbali kidogo. Mnamo tarehe 3 Novemba 1839, Sultani Abdülmecid wa Dola ya Uthmaniya alitangaza mjini Istanbul hati iliyofungua kipindi kinachojulikana kama Tanzimati. Hati hiyo iliahidi usalama wa maisha, heshima na mali kwa raia wote, kodi yenye kiwango maalumu na utaratibu wa haki wa kuandikisha wanajeshi. Hati ya pili, ya mwaka 1856, ilisisitiza usawa wa raia Waislamu na wasio Waislamu, nayo katiba ikafuata mwaka 1876. Dola hiyo ilikuwa na Waturuki, Waarabu, Wakurdi, Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi, Waalbania na wengineo wengi, na swali lililokuwa mbele yake ni namna ya kuwafunga watu hao wote katika utaratibu mmoja.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kamusi ya Kituruki ili kulielewa neno Tanzimati. Limejengwa juu ya mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupanga na kutia mambo katika safu. Kiswahili kimeupokea mzizi huo huo katika 'nidhamu', katika 'mnadhimu' wa jeshi, na katika kitenzi 'nudhumu', yaani kutunga mashairi kwa vina na mizani. Kwa hiyo mshairi anayepanga mishororo na waziri anayepanga idara wanatumia mzizi mmoja. Huu ni mfano mzuri wa kumpa yeyote anayedhani kwamba etimolojia ni somo kavu.

Unguja haikuwa sehemu ya Dola ya Uthmaniya. Watawala wake walikuwa Waibadhi kutoka Oman, nao hawakupokea amri kutoka Istanbul. Hata hivyo, shinikizo lililozalisha Tanzimati lilifika pia katika Bahari ya Hindi: manowari za Ulaya, mikataba ya biashara, na mabalozi waliojifanya mahakimu.

Barghash na mji wake

Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti cha enzi mwezi wa Oktoba 1870, baada ya kifo cha nduguye Majid. Alikuwa amejaribu kukitwaa mwaka 1859 akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa takribani miaka miwili. Uhamisho huo ulikuwa shule. Huko aliona bandari kubwa ikiendeshwa kwa saa, kwa daftari na kwa makarani. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, na safari yake ikaandikiwa kitabu kwa Kiarabu.

Watu aliowatawala walikuwa mchanganyiko usio mdogo: Waarabu wa Oman na Washihiri, Wabaluchi waliokuwa askari chini ya majemadari wao, Wahindi wa madhehebu mbalimbali walioshika fedha na forodha, Wangazija, Wahadimu, Watumbatu na Waswahili wa miji ya mwambao, pamoja na maelfu ya watumwa waliotolewa bara. Watawala walikuwa Waibadhi ilhali wengi wa raia Waislamu walikuwa Washafii, na kila madhehebu yakawa na makadhi wake. Katika miji ya mwambao Sultani aliwakilishwa na liwali. Neno hili ni la Kiarabu, 'al-wali', nalo limemeza kiambishi chake cha mwanzo kiasi kwamba hatukioni tena.

Mengi aliyoyafanya Barghash bado yanatajwa. Alileta maji safi ya chemchemi kwa mifereji hadi mjini, jambo kubwa katika mji uliokuwa umepigwa na kipindupindu mwanzoni mwa utawala wake. Alianzisha kiwanda cha kuchapisha vitabu. Alinunua meli za mvuke, akajenga reli ndogo iliyoelekea kasri la Chukwani, na mwaka 1883 akakamilisha Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Waya wa simu ya maandishi uliunganisha Unguja na Aden mwaka 1879. Mwaka 1877 afisa wa jeshi la maji la Uingereza, Lloyd Mathews, alianza kumfunzia kikosi kipya cha askari wenye sare na gwaride.

Msomaji atazame orodha hiyo kwa makini. Maji na vitabu vilikuwa vya Sultani mwenyewe. Waya ulikuwa wa kampuni ya kigeni. Jeshi lilikuwa lake kwa jina na mshahara, lakini kamanda alikuwa mtu wa taifa lililomtishia. Sanaa za vitabu vya shule humsifu Barghash kwa majengo, na mimi naona majengo ndiyo sehemu nyepesi ya habari yake.

Asilimia tano

Sehemu nzito ni fedha. 'Ushuru' ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya kumi. Lakini mtawala wa Unguja hakuwa na uwezo wa kutoza moja ya kumi kwa bidhaa zilizoingizwa na wageni. Mkataba na Marekani wa 1833 na ule wa Uingereza wa 1839, vyote viwili vya enzi ya babake Seyyid Said, vilifunga ushuru wa bidhaa hizo kwenye asilimia tano. Cha kushangaza ni kwamba Dola ya Uthmaniya ilikuwa imefungwa kwa fundo lile lile. Mkataba wake na Uingereza uliotiwa saini Balta Liman mwaka 1838 uliweka asilimia tatu ya ushuru wa kuingiza bidhaa pamoja na mbili za nyongeza, jumla tano. Dola mbili zilizo mbali hivyo zilitakiwa zijenge shule, jeshi na mahakama mpya kwa mapato ambayo hazikuruhusiwa kuyaongeza.

Isitoshe, Sultani hakukusanya ushuru huo kwa mkono wake. Forodha ilikodishwa kwa mfanyabiashara aliyelipa kiasi maalumu kwa mwaka kisha akajikusanyia mwenyewe. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ya nyumba ya Jairam Shivji, kisha ikamwendea Tharia Topan. Uthmaniya nayo ilikuwa na utaratibu wa kukodisha kodi, hati ya 1839 ikaulaani, lakini haikufaulu kuung'oa. Aidha, Wahindi waliotambuliwa kuwa raia wa Uingereza walishtakiwa mbele ya balozi wa Uingereza, si mbele ya kadhi wa Sultani. Kwa maneno mengine, kundi lenye fedha nyingi zaidi nchini lilikuwa nje ya sheria ya nchi. Hapo ndipo neno 'mageuzi' linapoanza kukosa mahali pa kushika.

Kuna suala la utumwa ambalo mwandishi yeyote anayempenda Barghash hulipita haraka. Tarehe 5 Juni 1873, baada ya kutishiwa kwamba kisiwa kingezingirwa na manowari, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini. Mwaka 1876 alitoa amri dhidi ya misafara ya watumwa ya nchi kavu. Alifanya hivyo kwa shingo upande, mwaka mmoja tu baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja na kuangamiza meli zake. Kumhurumia ni rahisi. Hata hivyo, watumwa waliokuwa tayari mashambani walibaki watumwa, kwa kuwa hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja hadi 1897, na katika mwambao wa Kenya hadi 1907. Mageuzi yaliyogusa bandari yakaacha shamba lilivyo hayakuwa na raia wa kuyatetea yalipotishiwa. Mtumwa wa Pemba angeilinda bendera nyekundu kwa sababu gani?

Misri, upande wa pili

Mwaka 1875, Barghash alipokuwa akirejea kutoka Ulaya, jirani mwingine mpenda mageuzi alikuwa akipanga kumnyang'anya ardhi. Khedive Ismail wa Misri, aliyetawala chini ya kivuli cha Uthmaniya kuanzia 1863, alituma kikosi cha majini kilichokamata Barawa na Kismayu. Uingereza ikamshinikiza aondoke, naye akaondoka mwanzoni mwa 1876. Ismail alikuwa amechimba mifereji na kujenga reli kwa fedha za mkopo. Mwaka huo huo wa 1875 aliuza hisa zake za Mfereji wa Suez, mwaka 1879 akaondolewa madarakani, na mwaka 1882 jeshi la Uingereza likaikalia nchi yake.

Kilichobaki kwetu kutokana na Ismail ni askari. Alikuwa amepanua utawala wake kusini kufuata Nile hadi jimbo la Ekwatoria, ambako askari wa Sudan waliongozwa kwa vyeo vya Kituruki: 'onbaşı', mkuu wa watu kumi, 'çavuş', sajenti, na 'efendi', bwana mwenye elimu au cheo. Uasi wa Mahdi ulipoikata Ekwatoria na Misri, askari hao waliachwa. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua wengi wao akawaingiza Uganda, na kutokana na wao na wenzao wakapatikana askari wa Uganda na baadaye wa kikosi cha King's African Rifles kilichoundwa 1902. Wazao wao ni Wanubi, ambao tunao hapa jirani, Kibos na Kibigori. Vyeo vyao vikageuka 'ombasha' na 'shaushi' katika Kiswahili cha kambini. Hivyo viwili vimekufa. 'Efendi' amebaki hai, ndiye 'afande' wetu.

Mstari unaoishia ziwani

Upo msemo mashuhuri kwamba zumari likipigwa Unguja watu hucheza hadi kwenye maziwa. Msemo huo una ukweli kwa upande wa Tabora na Ujiji. Kwa upande wetu wa mashariki mwa Ziwa Viktoria, zumari lilisikika kwa mbali mno. Misafara ya Waswahili ilifika kwa Nabongo Shiundu wa Wanga, na wasafiri wakapaita mahali pale Kwa Sundu. Joseph Thomson alipita hapo mwishoni mwa 1883 akiwa na wapagazi wa Unguja na Pwani. Nabongo Mumia, mwanawe Shiundu, aliwakaribisha Waswahili wakakaa katika mji ambao leo unaitwa Mumias. Lakini walikuwa wafanyabiashara. Hapakuwa na liwali wa Sultani ufuoni mwa ziwa letu, wala kadhi aliyemteua, wala nyumba ya forodha.

Pengo hilo ndilo lililomponza. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa ameanza kukusanya mikataba katika maeneo ya bara ambayo Sultani aliyahesabu kuwa yake, na mwezi wa Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri. Iliundwa tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa kuchunguza mipaka ya milki ya Sultani, naye mwenyewe hakupewa mjumbe ndani yake. Tume ilitafuta dalili za utawala kwa kipimo cha Ulaya: palipo na liwali, askari na forodha. Heshima, biashara, undugu wa ndoa na bendera ya msafara havikuhesabiwa. Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani barani ni ukanda wa mwambao wenye upana wa maili kumi. Bara lililosalia likagawanywa kwa mstari kutoka mlango wa mto Umba, ukauzunguka Kilimanjaro, ukaishia ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria penye nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Mvuvi wa Muhuru anayeshikwa leo kwa kosa la kuvuka mpaka anashikwa kwa mstari huo. Barghash aliukubali kwa kukosa njia, akakodisha sehemu ya mwambao wake kwa Waingereza mwezi wa Mei 1887, na akafariki mwezi wa Machi 1888.

Mathews, aliyelifunza jeshi la Sultani, akawa waziri wa kwanza wa Unguja mwaka 1891 chini ya himaya ya Uingereza. Katika mfano huu mmoja unaona jinsi chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kujikinga kilivyobadilisha mwenyewe bila hata kubadilisha jina.

Maneno yafika Kisumu

Ndivyo ilivyokuwa kwa msamiati pia. Utawala wa Kiingereza haukuanza kwa kubuni maneno. Uliikuta Pwani lugha iliyokuwa tayari na 'serikali', neno la Kiajemi lenye maana ya msimamizi wa kazi. 'Karani' na 'jemadari' kutoka Bara Hindi. 'Askari', 'hakimu', 'sheria', 'hukumu', 'forodha' na 'ushuru' kutoka Kiarabu. Na 'bendera' ya Mreno. Ulichofanya ni kuyabeba. Yalipitia Mumias kwa misafara na makarani, kisha yakapanda gari la moshi. Tarehe 1 Aprili 1902 eneo letu lilihamishwa kutoka Uganda hadi Himaya ya Afrika Mashariki, na kwa uhamisho huo Kisumu ikaanza kutawaliwa kutoka upande wa bahari.

Dholuo kiliyapokea kwa taratibu zake. Kikadondosha irabu ya mwisho katika 'sirkal' na 'karan', na kwa kuwa hakina sauti ya 'sh', 'ushuru' ukawa 'osuru'. 'Kitabu' kikapewa wingi wa Kijaluo, 'kitepe', na 'barua' ikawa na 'barupe'. Nyongeza hii ya wingi ni dalili muhimu: lugha haisumbuki kulipa neno sarufi yake ikiwa inakusudia kulirudisha. Lakini angalia pia kilichokataa kuingia. 'Liwali' hakushika mizizi ziwani. Cheo cha kiongozi wa watu kilikuwa na jina lake tayari, 'ruoth', na mkoloni alilazimika kulitumia hata alipomteua mtu ambaye wazee hawakumtambua. Maneno ya ofisi yalipita kwa sababu ofisi ilikuwa kitu kigeni. Neno la uongozi halikupita. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema Kiswahili kilitufikia kikiwa lugha ya amri na kuishia hapo. Kweli, kilifika kikiwa kimevaa sare. Lakini Wajaluo walichagua wapokee lipi na walikatae lipi.

Taasisi moja ya Sultani hata hivyo ilifika nzima, tena kwa kuchelewa. Mkataba wa mwaka 1895, ulioweka ukanda wa mwambao chini ya uangalizi wa Waingereza, ulihifadhi mahakama za kadhi. Makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, yaliahidi kwamba zitaendelea baada ya uhuru, na Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaja katika Vifungu vya 169 na 170. Ahadi iliyokusudiwa maili kumi za Pwani ilipanuliwa nchini kote. Kisumu ina kadhi wake, na mjane Mwislamu wa Kaloleni au Kendu Bay anayetaka mirathi yake igawanywe hana haja ya kwenda Mombasa.

Kazi ya utafiti

Wanachama watakaotaka kuendeleza suala hili wanaweza kuanzia karibu. Mmoja akae na wazee wa Kinubi wa Kibos akusanye istilahi za kijeshi zilizosalia katika Kinubi, hasa zenye asili ya Kituruki, kabla kizazi hicho hakijatoweka. Mwingine alinganishe 'osuru' wa Dholuo na majina ya kodi katika Oluwanga na Ekegusii, aone ni lugha zipi zilipokea neno kupitia Mumias na zipi zililipata kutoka kwa makarani wa reli. Wa tatu achunguze kwa nini baada ya 2013, ugatuzi ulipoanza, hatukurudi kwenye hazina hii: tungeweza kumwita mkuu wa kaunti 'liwali', tukachagua 'gavana'.